Neno "surprise" na mgeni aliyeuliza mnashangaa nini

Swali limetoka kwa dada anayeshughulikia buking katika kampuni moja ya utalii, Arusha. Nalifupisha:

"Mwalimu, shikamoo. Kazi yangu ni kujibu imeili za wageni kwa Kiingereza, na neno 'surprise' limenitia matatani. Mgeni mmoja alilalamika kwamba kambini hakukuwa na maji ya moto. Nikamjibu 'We surprised to receive your complaint', naye akanirudia kwa hasira: mnashangaa nini? Mama mmoja aliyewahi kusafiri nasi alifiwa na mumewe, nikamwandikia 'I was surprised to hear about the death of your husband'. Hakujibu tena. Juzi mwenzangu alipokea imeili ya bwana aliyeandika 'The balloon is a surprise for my wife', akaituma ratiba kwa wote wawili, bwana na bibi. Bwana alikasirika mno. Kamusi inaniambia 'surprise' ni mshangao, binti yangu ananiambia sapraizi ni zawadi. Nishike lipi? Na ni wakati gani naandika 'surprised' na wakati gani 'surprising'?"

Marahaba, dada. Nimefurahi kwamba umeleta na imeili zenyewe, kwa sababu neno hili halieleweki likiwa peke yake kwenye kamusi. Linaeleweka ukiliona limemkera nani na kwa nini.

Kamusi yako haijakosea, na binti yako hajakosea. Kila mmoja ameshika upande mmoja. Kiini cha "surprise" ni kukutwa hukujiandaa. Furaha, huzuni, woga, hasira, vyote vinaweza kufuata, lakini havimo ndani ya neno. Ndani ya neno kuna jambo moja tu: ulitegemea hivi, ikawa vile.

Waingereza walilipata neno hili kwa Wafaransa, na asili yake ni Kilatini: "super", juu, na "prehendere", kushika au kukamata. Lilipoingia katika Kiingereza karne ya 15 halikuwa neno la moyoni. Lilikuwa neno la vitani, la kuivamia ngome ya adui wakati walinzi wamelala. Ile maana ya hisia ambayo kamusi yako imeitanguliza ilikuja baadaye, mwishoni mwa karne ya 16 na kuingia ya 17. Hata hivyo maana ya vita haikufa. Jeshi la Marekani linafundisha kanuni 9 za vita, na mojawapo inaitwa "surprise": mpige adui wakati, mahali au kwa namna asiyoitazamia. Ndege za Japani zilipoipiga Pearl Harbor asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941, Kiingereza kiliita tukio lile "surprise attack". Sisi tunasema shambulio la kushtukiza. Hakuna Mswahili atakayesema shambulio la mshangao, na hapo tayari unaona kwamba "mshangao" haitoshi kulibeba neno lote.

Kuna kisa wanachosimuliana watu wa kamusi. Nakupa kama kisa tu, maana hakuna ushahidi kwamba kilitokea. Wengine humtaja Noah Webster, Mmarekani aliyechapisha kamusi yake kubwa mwaka 1828. Wengine humtaja Mwingereza Samuel Johnson, ambaye yake ilitoka mwaka 1755. Mke anafungua mlango na kumkuta mumewe, bwana kamusi, amemkumbatia mfanyakazi wa ndani. Mke anapaza sauti: "I am surprised!" Mume anamsahihisha palepale: hapana mke wangu, mimi ndiye niliye "surprised", wewe ni "astonished".

Mwingereza wa leo huhitaji kuelezwa kisa hiki kabla hajacheka, kwa sababu maana ile ya zamani imefifia kwake. Sisi hatuhitaji maelezo. Tunalo neno kufumania. Mume amefumaniwa, mke amestaajabu, kisa kimekwisha. Ndiyo maana ninapofundisha neno hili napenda kuanzia kwa mtu aliyekutwa, nije kwenye hisia baadaye. Ukishamwona mtu aliyekutwa hana habari, maana nyingine zote zinakaa mahali pake.

Sasa tuje kwenye umbo, maana uliuliza kuhusu "surprised" na "surprising".

Hapa Kiswahili kinakusaidia kuliko kitabu cha sarufi. Tuna kushangaa na tuna kushangaza. Anayeshangaa ni mtu. Kinachoshangaza ni jambo. "Surprised" iweke upande wa kushangaa, "surprising" upande wa kushangaza. Nimeshangaa: "I am surprised". Bei yao inashangaza: "Their prices are surprising". Ukiandika "I am surprising" umesema kwamba wewe ni mtu wa kushangaza, na mgeni atabaki anajiuliza una vituko gani. Mzani huohuo wa shangaa na shangaza utakufaa kwa jozi nyingine nyingi: kuchoka na kuchosha ni "tired" na "tiring", kuvunjika moyo na kuvunja moyo ni "disappointed" na "disappointing". Kabla ya kuandika, sema sentensi yako kwa Kiswahili na usikilize kitenzi kimeishaje.

Lakini Kiswahili hichohicho kinatuponza mahali pengine, na ndipo imeili yako ya maji ya moto ilipoanza kuharibika. Kwetu kushangaa ni jambo mtu analifanya mwenyewe: nilishangaa, tulishangaa, walishangaa. Kitenzi kinasimama bila msaada. Kwa hiyo mkono unaandika "We surprised", kwa sababu akilini kuna "tulishangaa". Kiingereza hakikubali hivyo. Kwao hushangai mwenyewe. Jambo ndilo linalokushangaza, wewe unatendewa. Lazima iwe "We were surprised", "I was surprised". Ukiiondoa ile "was" au "were", kitenzi kinageuka kuwa cha kumtendea mtu mwingine. "I surprised my mother" ni nilimshtukiza mama, nilimfanyia sapraizi. Mwingereza akisoma "We surprised" anasubiri kuambiwa mlimshtukiza nani, na jina haliji.

Kosa la upande wa pili ni "They did me a surprise". Limetoka moja kwa moja kwenye "walinifanyia sapraizi". Kwa Kiingereza sema "They surprised me", basi. Kama kuna kitu walichokuja nacho, ongeza "with": "They surprised me with a cake". Kama unamwandalia mtu kitu, "I have a surprise for you" ni sahihi kabisa.

Hayo ya sarufi yanarekebishika kwa siku chache. Lililomkasirisha mgeni wako ni jambo jingine, na hapa naomba uniwie radhi nikae kidogo, kwa sababu wengi wanaofanya kazi kama yako hawajaambiwa.

Kila unaposema umekuwa "surprised", unafichua ulichokuwa unakitegemea. Huwezi kushangaa bila kuwa na matarajio yaliyovunjika, na msikilizaji anayasoma matarajio hayo hata kama hukuyataja. Mwanafunzi akileta matokeo mazuri, ukamwambia "I'm surprised you passed", amesikia kwamba ulimtegemea afeli. Hata kwa Kiswahili, mwambie kijana "nimeshangaa umefaulu" uone uso wake.

Tuirudie imeili ya kambini. Mgeni amelipa fedha nyingi, ametoka porini jioni na vumbi mwilini, amefungua bomba la bafu la hema, maji ni ya baridi. Analalamika. Unamjibu kwamba mmeshangaa kupokea malalamiko yake. Yeye anaelewa hivi: sisi tulitegemea usingekuwa na la kulalamikia, huduma yetu ni nzuri, tatizo liko kwako. Hukukusudia hivyo. Ulitaka kusema kwamba jambo lile si la kawaida kwenu na limewasikitisha. Basi liseme hilohilo: "We are very sorry that there was no hot water in your tent." Tunasikitika sana kwamba hemani mwako hakukuwa na maji ya moto. Angalia kwamba sentensi hii inalitaja kosa lenyewe, maji ya moto, haiwataji nyinyi na hisia zenu. Ukitaka kuonyesha kwamba si kawaida, ongeza "This should not have happened", haikupasa kutokea. Neno "surprised" liache nje ya barua ya kuomba radhi. Ukilikuta kwenye barua kama hiyo iliyoandikwa na Mwingereza, mara nyingi amelichagua makusudi, ili kukana lawama bila kusema "si kweli".

Hata sifa inaweza kuwa na kisiri hichohicho. Wageni wenu huandika kwenye maoni yao "We were pleasantly surprised by the food". Ni sifa, ipokee kwa furaha. Ila fahamu kwamba walikuja wakitegemea chakula kibaya. Mimi nisingeiweka sentensi hiyo juu kabisa kwenye ukurasa wa matangazo. Ningeiweka iliyosema chakula kilikuwa kizuri.

Kuna pia "I'm surprised at you". Hiyo ni karipio, na tunayo yetu inayolingana nayo barabara: nakushangaa! Mama anayemwambia mwanawe "nakushangaa wewe" hatoi taarifa ya hisia zake. Anamwambia hakutegemea tabia ile kutoka kwake. Ukilenga tukio, tumia "by" au "at" utakavyo: "surprised by the news", "surprised at the news". Ila "at" ikifuatwa na mtu, jua kuna lawama.

Imeili ya msiba ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa sababu najua ulichokuwa nacho moyoni. Kiswahili cha msiba kina mshtuko ndani yake. Taarifa zetu za tanzia huanza "tumepokea kwa mshtuko na masikitiko makubwa". Ukisema "nilishtuka kusikia", mfiwa anaelewa kwamba habari zimekuumiza. Ulitafuta neno la Kiingereza la mshtuko, ukaangukia "surprised", na hapo uzito wote ukamwagika. "Surprised" ni neno jepesi. Unaweza kuwa "surprised" kwa sababu duka limefungwa Jumatatu, au kwa sababu mvua imenyesha mwezi ambao haikutazamiwa. Mjane akisoma kwamba kifo cha mumewe kimekuwa "surprise" kwako, anasikia ubaridi. Tena pengine mzee aliugua muda mrefu na kwao haikuwa ghafla hata kidogo.

Neno la mshtuko wa msiba ni "shocked", na halikai peke yake. Huambatana na huzuni: "I was shocked and deeply saddened to hear of your husband's death." Lakini kama hujui mazingira ya kifo, salama zaidi ni lile la kawaida kabisa: "I am so sorry to hear of your husband's death." Watu wetu huliona hili dogo mno kwa jambo kubwa. Kwa Mwingereza si dogo. Ndilo la heshima. Halafu taja kumbukumbu moja ya kweli, kama unayo. Kama mzee yule alipenda ndege, au alimwita dereva wenu kwa jina lake kila asubuhi, andika. Nadhani bado hujachelewa kumwandikia mama yule tena, na hakuna haja ya kueleza sarufi. Andika upya tu, kwa upole.

Kwa kuwa tumeugusa uzito, tupande ngazi yote mara moja. "Startled" ni ya mwili: mlango umejipiga kwa upepo, umeruka, ni kushtuka kule kwa sekunde moja. "Surprised" ni ya kawaida, haina rangi. "Amazed" ni kustaajabu, aghalabu kwa uzuri au ukubwa wa jambo, na mgeni aliyeona maelfu ya nyumbu wakivuka Mto Mara atatumia hiyo. "Astonished" ina nguvu zaidi, na asili yake ni ngurumo ya radi: mtu aliyepigwa na radi akabaki ameduwaa. Kupigwa na butwaa kwetu kuko hapo. "Shocked" ni ya jambo baya au la aibu. Ukimwambia mgeni "I was shocked by your tip", atadhani amekupa bakshishi ndogo kiasi cha kukukera.

Sasa yule bwana wa puto.

Neno "surprise" likiwa jina la kitu, "a surprise", linaweza kuwa zawadi, sherehe, safari, mgeni, habari, chochote ambacho mlengwa hakijui bado. Na ndani ya "hakijui bado" kuna amri iliyojificha: asijulishwe. Mteja akiandika "The balloon is a surprise for my wife", hakuwa anaeleza kwamba mkewe atashangaa kuona puto likipaa juu ya Serengeti alfajiri. Alikuwa anawaambia: mke wangu hajui, msimwambie. Kwa Kiingereza ombi hilo limekamilika. Hakuona haja ya kuongeza "tafadhali iwe siri". Wengine huongeza, "Please keep it a surprise", na maana ni ileile. Mwenzako alisoma neno kama hisia, mteja aliliandika kama siri.

Ningekuwa msimamizi wa ofisi yenu, ningeweka utaratibu huu leo: imeili yoyote yenye neno "surprise", "honeymoon", "anniversary" au "birthday", kabla ya kubofya kitufe cha kujibu wote, mtu anaangalia nani yumo kwenye orodha ya wapokeaji. Ratiba ya yule asiyejua inaandikwa bila kipengele hicho. Alfajiri ya puto inaandikwa tu kuwa matembezi ya mapema, mavazi ya joto. Dereva na watu wa kambini nao wanaambiwa, kwa sababu mara nyingi siri hutoboka pale mhudumu anapouliza kwa ukarimu kabisa, "Mama, kesho mko tayari kwa puto?" Kiingereza kina msemo wake kwa ajali hiyo: "to spoil the surprise". Mwandikieni bwana yule, "We are truly sorry that we spoiled your surprise", na mkiweza mpeni kitu kingine cha kumshtukiza nacho mkewe, safari hii kwa siri.

Sherehe za aina hii, "surprise party", zilienea Marekani katika karne ya 19. Mojawapo ya desturi za wakati huo ilikuwa waumini kumtokea mchungaji wao nyumbani bila taarifa, wakiwa wamebeba vyakula vya kumsaidia. Kabla ya hapo maneno hayohayo yaliwahi kutumika kwa kikosi cha askari kilichotumwa kumvamia adui kimyakimya. Askari na keki, neno ni lilelile, kwa sababu kiini ni kilekile: anayeendewa hana habari.

Kuna misemo michache utakutana nayo kila wiki. "To my surprise" ni "kwa mshangao wangu", na hukaa mwanzo wa sentensi. "It came as no surprise" ni "halikuwa jambo geni, tulilitegemea". "To take someone by surprise" ni kumkuta mtu hajajiandaa. Hata mvua hufanya hivyo. Ukimkaribisha mgeni wa zamani aliyewaandikia tena baada ya miaka, "What a lovely surprise to hear from you!" ni sentensi nzuri na ya uchangamfu, na hapo "surprise" haina hatari, kwa sababu "lovely" imeshaipa rangi. Usione aibu kuitumia.

Nitakupa mmoja zaidi kwa sababu una mtego: "I would be surprised if". Maana yake si ahadi ya kushangaa. Ni njia ya adabu ya kusema "sidhani". Wakala akikuandikia "I would be surprised if they came before Friday", anakuambia hawatakuja kabla ya Ijumaa; ila angalia "came", kitenzi cha wakati uliopita kwa jambo la wakati ujao. Ukikanusha, "I wouldn't be surprised if", maana inageuka kuwa "huenda", kama sisi tunavyosema sitashangaa akija leo. Kuna mji mzima Marekani uliopata jina kwa namna hii. Mwaka 1938 mwanamke aitwaye Flora Mae Statler alianzisha makazi madogo katika jimbo la Arizona, akayaita Surprise, kwa kuwa, inavyosimuliwa, alisema angeshangaa kama pangekuja kuwa mahali pa maana. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta watu zaidi ya 140,000 hapo.

Na ukisoma habari za uchaguzi wa Marekani utaona "October surprise". Wao hupiga kura mwanzoni mwa Novemba, hivyo jambo linalolipuka Oktoba linaweza kugeuza kura bila mpinzani kupata muda wa kujibu. Msemo huo ulipata nguvu mwaka 1980, pale kambi ya Ronald Reagan ilipohofu kwamba Rais Jimmy Carter angewakomboa Wamarekani 52 waliokuwa wameshikwa mateka Iran siku chache kabla ya kura. Hawakukombolewa wakati huo. Waliachiwa tarehe 20 Januari 1981, siku Reagan alipoapishwa. Unaona jinsi msemo huu ulivyorudi vitani: si hisia ya wapiga kura, ni pigo.

Sasa geuza njia: toka Kiswahili kwenda Kiingereza. Mambo mawili hutuponza.

La kwanza ni ghafla. Kifo cha ghafla ni "sudden death", kamwe si "surprise death". "Sudden" huhesabu muda, jambo limetokea mara moja. "Surprise" huangalia matarajio. Jambo linaweza kwenda polepole na bado likawa "surprise": kijana mliyemdhania mzembe akapanda cheo mwaka hadi mwaka mpaka akawa meneja. Na jambo linaweza kutokea ghafla bila kumshangaza mtu, kama umeme unaokatika kila siku saa moja jioni.

La pili ni kumbe, na hili nalipenda. Kumbe ni neno dogo linalofanya kazi kubwa: linamwambia msikilizaji kwamba habari hii imenifikia sasa hivi na sikuwa nayo. Wanaisimu wana jina kwa kazi hiyo, mirativiti, na mjadala wake ulichangamka baada ya Scott DeLancey kuandika kuihusu mwaka 1997. Lugha nyingine huibebesha kitenzi. Sisi tumelipa neno lake. Kiingereza hakina neno moja la namna hiyo, na ndiyo maana wanafunzi wangu hukimbilia "surprisingly". "Kumbe wewe ni mwalimu!" wanaiandika "Surprisingly, you are a teacher!", na mwalimu anaona ametukanwa, kana kwamba hafanani na ualimu. Mwingereza angesema "Oh, so you're a teacher!" au "I didn't know you were a teacher". Kumbe ya kusimulia, kama vile "kumbe alikuwa mgonjwa siku zote", ni "it turned out he had been ill all along". Ukiandika ripoti ya safari na moyo unasema kumbe, jaribu "it turned out that". Mara nyingi itakaa.

Matamshi na tahajia ni suala fupi. Mkazo uko kwenye silabi ya pili, na "r" ya kwanza haisikiki kwa Waingereza wengi; "sapraizi" ya binti yako iko karibu sana na wanavyotamka. Lakini katika maandishi "r" ni mbili, na mwisho ni "s" hata kwa Wamarekani, ambao kwingineko hupenda "z". Waingereza wenyewe huisahau ile "r" ya kwanza wakiandika.

Swali la mwisho, je, katika matangazo yenu ya Kiswahili muandike sapraizi? Kuna wanaolikataa neno hili kwa kulinda lugha, nami ninawaheshimu, lakini siungani nao. Tungekuwa na neno moja la kitu kizuri kilichoandaliwa kwa siri ili kumfurahisha mtu, ningelitetea. Mshangao si kitu, ni hisia. Huwezi kuununua ukaufunga kwa utepe. Zawadi haina siri ndani yake. Kwa hiyo sapraizi imeingia kwenye nafasi iliyokuwa wazi, na watu wameipa sarufi yetu bila kuambiwa: kumfanyia mtu sapraizi, sapraizi yake. Itumieni kwa keki, kwa fungate, kwa puto. Lakini isivuke hapo. Rais John Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba 2015, na kesho yake akatembea kwa miguu kutoka Ikulu hadi Wizara ya Fedha bila kutoa taarifa. Siku chache baadaye akaingia Hospitali ya Taifa Muhimbili vilevile. Kwa Kiingereza ziara hizo ziliitwa "surprise visit", na kwa Kiswahili ziara za kushtukiza. Hakuna aliyeziita sapraizi, na wafanyakazi waliokutwa hawapo kwenye viti vyao wasingekubaliana na yeyote ambaye angeziita hivyo.